Mume Aliyebaki na Vina

Nyumbani kwetu hatukusema "kina". Tulisema mkia. Wimbo ulipomshinda katikati, mume wangu aliacha kukanyaga cherehani, akapaza sauti kutoka barazani mpaka jikoni: "Maman, leta mukia." Nami niliuliza mkia wa nini, kana kwamba tuko buchani. Akisema ni wa "majira", nilimtupia hasira, ajira, subira, dira, huku nikikoroga mchuzi, naye aliokota moja akaziacha nyingine. Kisha cherehani ililia tena, nikajua ubeti umekaa.

Yeye alikuwa fundi wa nguo hapa Kamembe, mimi nafundisha shule ya msingi. Wote wawili tulizaliwa ng'ambo, Kongo, na tuliporudi Rwanda tulikuwa watu wazima wenye Kiswahili mdomoni na Kinyarwanda cha kubahatisha. Kanisani tuliwakuta wenzetu wengi wa namna hiyo. Tukaunda kwaya ya Kiswahili, na nyimbo zake karibu zote zilitoka kwenye cherehani ile. Watu walimwita fundi tu, bila kufafanua fundi wa nini.

Alikuwa na ukali wake. "Mungu" na "wangu" alizipiga marufuku. Alisema Mungu mwenyewe amechoka kufungiwa neno hilo kila Jumapili. Alichukia pia vina vya mahali, nyumbani, sokoni, kanisani, mlimani. Alidai kwamba ukishajua kubandika hiyo "ni" nyuma ya kila kitu, hata mbuzi anatunga. Mwanakwaya mmoja aliwahi kumletea wimbo mrefu ambao kila mstari uliishia hivyo. Mume wangu aliusoma mpaka mwisho, akamsifia kitambaa cha shati lake, akamrudishia karatasi.

Neno likigoma kabisa, alipanda herufi moja baada ya nyingine. Akitafuta mwenzake wa "pongezi", aliimba polepole: bezi, chezi, dezi, fezi, gezi, kama mtu anayejaribu funguo mlangoni. Mimi nilimsubiri. Akifika kwenye mlezi nilimwambia simama hapo. Mara nyingine alisimama, mara nyingine alisema mlezi amechoka, twende mpaka mwezi. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikulia katikati ya kelele hizo. Watoto wa wenzetu waliimbiwa ndipo wakalala. Wetu aliachiwa nusu ya mstari aimalizie, na asipoimalizia hakulala.

Sitaki kudanganya kwamba tuliishi kama njiwa. Tulinuniana kama watu wote. Lakini hata tukiwa tumenuniana, akiomba mkia nilimpa, kwa sababu kumnyima hilo kungekuwa jambo jingine kabisa, kama kumnyima mtu maji. Nadhani wengine wana shamba, wana ng'ombe, wana duka la kuwashikilia pamoja. Sisi tulikuwa na maneno yanayofanana mwisho. Sikujua ni kitu kidogo namna gani mpaka kilipobaki peke yake.

Alianguka asubuhi moja akiwa ananawa uso. Nilisikia ndoo inapinduka, nikatoka nikamkuta ameketi kwenye matope, ananitazama kama anayetaka kuniuliza jambo. Hospitali walimfanyia waliyoweza. Alirudi nyumbani mkono wa kulia umelegea na mdomo hauna kitu. Daktari aliniambia bila kuzunguka kwamba damu ilikuwa imeziba kichwani, mahali maneno yanapokaa. Huenda yatarudi, huenda hayatarudi, nimzungumzishe. Nikamzungumzisha. Msimu mzima wa mvua nilimsimulia habari za shule, za bei ya nyanya, za majirani, mpaka nikawa naisikia sauti yangu mwenyewe na kuichukia. Yeye alitazama ukuta.

Mkia wa kwanza ulitoka siku nachagua maharage. Nilikuwa nimechoka, naimba chinichini wimbo wake mmoja wa zamani, na mstari ulikuwa unaishia kwenye "subira". Sikuufikisha. Jiwe lilikuwa limejificha kwenye maharage, nikanyamaza nilitoe. Nyuma yangu sauti yake ikasema, wazi kabisa, "subira".

Ungo ulinitoka mikononi. Nilitoka nje nikilia, jirani akaja mbio akidhani amekufa. Nilipomwambia kwamba amesema, tukaingia wote, nikaanza mstari mwingine, nikauacha. Akaufunga. Nikaanza mwingine. Akaufunga. Jirani akapiga magoti hapohapo juu ya maharage akamshukuru Mungu, na mimi nikapiga magoti pamoja naye. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, wala sitakuwa nayo tena, na sasa nikiikumbuka naona haya.

Baada ya nyimbo nikajaribu maneno matupu. Nilisema "hatari" akasema "safari". Nilisema "dunia" akasema "njia". Nikajiambia kwamba nimeukuta mlango, kwamba nikiendelea kugonga, mtu mwenyewe atatoka. Kila jioni baada ya shule niliketi mbele yake tukapandishana maneno, naye uso ulichangamka, macho yakawa yale ya zamani. Simu nilizompigia binti yetu Kigali, ambako anauza dawa kwenye famasi, zilikuwa zote za namna hiyo: leo baba yako amesema hiki, leo amesema kile. Binti alikuwa amechumbiwa na kusitisha mambo yote mpaka baba apone. Nikamwambia waanze kupanga.

Ni mimi niliyegundua kwanza, na niligundua kwa sababu ya kikombe cha uji. Nilimwuliza kama anataka maji. Akasema "uji". Nilifurahi sana, mgonjwa ametamani kitu, nikawasha jiko nikampikia. Alikitazama kikombe bila kunyoosha mkono. Nikamwuliza tena, "Si umesema uji?" Akasema "mji". Nikakaa chini. Nikamwuliza kama amelala vizuri, akasema "sukari". Nikamwuliza kama ananijua mimi ni nani. Akafikiri kidogo, kwa adabu kabisa, akasema "amani".

Basi nikaelewa. Hakuwa ananijibu. Sauti ya neno ilikuwa inaingia sikioni na mwenzake anatokea mdomoni, na katikati hapakuwa na mtu. Kile tulichokifanya miaka yote kwa mchezo na kwa kazi kilikuwa kimekanyagwa sana ndani ya kichwa chake, ugonjwa haukuweza kukifuta. Ulifuta vingine vyote. Jina langu, jina la mtoto, njaa, kiu, ndiyo, hapana. Ulimwachia mikia ukachukua mnyama.

Niliwaambia watu. Hakuna aliyetaka kusikia. Walikuwa wameanza kuja kumsikiliza, wanakwaya, wateja wake wa zamani, hata wasiomjua, wanaketi na kumrushia maneno kama wanaorushia kuku mtama. Yeye hakukosea hata moja. Walicheka, wakapiga makofi, wakaondoka wakisema fundi amerudi. Nikisema kwamba hajui anachosema, waliniona mwanamke aliyechoshwa na kuuguza. Shangazi wa mume wangu aliniambia mbele ya watu kwamba kuna wake wasiopenda waume zao wapone. Ushahidi wote ulikuwa mdomoni kwa mume wangu.

Sasa lazima nieleze desturi yetu, maana mambo yote yamekwama hapo. Kwetu binti hatoki kwenda kwa mumewe bila baraka ya baba, na baraka hiyo ni maneno. Si mkono kichwani, si zawadi, si ng'ombe. Baba anafungua kinywa mbele ya watu na kumwambia mtoto wake nenda, uzae, usirudi unalia. Binti asiyeambiwa hivyo anahesabiwa ametoroka, hata akifunga ndoa kanisani na watu elfu wakashuhudia. Mimba ikiharibika, mtoto akiugua, mume akibadilika, watasema baba hakumtamkia, naye mwenyewe atasema hivyo kabla yao. Baba mdogo anaweza kusimama badala ya baba kwa sababu mbili tu: baba amekufa, au baba amemtuma kwa kinywa chake mwenyewe.

Mume wangu hakuwa amekufa. Na kinywa cha kumtumia mtu hakuwa nacho.

Nilikwenda kwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anakaa ng'ambo, Bukavu. Ni mtu mzuri. Nilimweleza yote, uji, sukari, amani. Alinisikiliza, akakubali kusimama, akasema atakuja na suti yake. Nilivuka mpaka kurudi nyumbani nikiwa nimepumua. Lakini jambo la namna hiyo haliamuliwi na watu wawili, ikabidi ukoo ukutane sebuleni kwangu wiki ya harusi, na mgonjwa akaletwa, akakalishwa katikati.

Shangazi ndiye aliyemjaribu. Alisema "mutoto", akajibiwa "moto". Akasema "harusi", akajibiwa "nyeusi". Akasema "furaha", akajibiwa "siha" mara moja, bila kusitasita. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nikasema nilichokuwa nacho. "Hajibu. Anafunga mukia tu. Hajue hata tunasema nini."

Shangazi hakunigeukia. Aliwauliza wengine, "Muntu mwenye kujibu hivi, munasema hana kinywa?"

Shemeji yangu alikuwa ameinamisha uso. Nilimtazama, nikamwomba kwa macho, naye alinitazama na kuona haya. Akasema taratibu, "Mukubwa angali muzima, na anasema. Mimi siwezi kaa ku kiti yake." Nilijua kwamba hawezi. Kukaa kwenye kiti cha kaka aliye hai na anayesema ni kumzika. Hakuna mtu wa kwetu angethubutu, na ningekuwa yeye nisingethubutu pia. Jambo likapita hivyo. Ikaamuliwa kwamba baba atambariki binti yake mwenyewe.

Binti alifika kutoka Kigali nikamweleza peke yake, tukiwa tumeketi kitandani. Nilitaka aahirishe. Alisema familia ya mume imeshalipa ukumbi, kadi zimeshatoka, na tena, aliongeza kwa sauti ya kitoto ambayo nilikuwa sijaisikia siku nyingi, labda Papa akimwona amevaa nguo nyeupe kitu kitafunguka. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameketi naye mchana kutwa akimrushia maneno, na alikuwa ameona nilichoona. Lakini mtoto hufikiri kwamba yeye ndiye neno ambalo baba hawezi kulisahau. Sikumnyang'anya hilo. Ningepata wapi la kumpa badala yake?

Siku ya harusi ukumbi ulijaa. Nusu ya wageni walikuwa wa upande wa mume, watu wa Kigali, Kiswahili chao cha kusalimia tu. Kwaya ilikuwa imejiandaa bila kuniuliza. Waliimba nyimbo za mume wangu na kila mstari wakauacha bila mwisho, wakamgeukia, na mtu akamwekea kipaza sauti mdomoni. Akaifunga yote. Hakukosa hata mmoja, na sauti ilikuwa nzito, nzuri, ile ambayo nilikuwa nikiisikia kutoka barazani. Watu walisimama juu ya viti. Wanaume waliomjua walikuwa wanalia wazi. Na mimi, ninayejua, nilijikuta nalia pamoja nao, nikasema moyoni labda, labda, na labda hiyo ndiyo iliyonimaliza baadaye.

Kisha wakanyamaza, binti akaja mbele. Alipiga magoti na kuweka mikono yote miwili juu ya magoti ya baba yake. Alimtazama muda mrefu kabla ya kusema. Alikuwa amechagua maneno machache na mepesi, kama unayemsemesha mtoto.

"Papa, ni mimi. Ninaenda. Naomba baraka."

Mume wangu alimtazama usoni. Aliinama kidogo mbele, uso umechangamka, macho yale ya kazi, na nikaona midomo inatafuta.

"Mwaka," akasema. "Mupaka. Sadaka." Akatulia, akapanda tena, akapata. "Paka."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Wa kwaya walipiga vigelegele, fundi anatunga papo hapo, fundi ni yuleyule. Mshereheshaji alishika kipaza sauti akawatafsiria wageni wa Kigali kwa Kinyarwanda kwamba baba amembariki binti yake kwa shairi, na wao pia wakasimama wakapiga makofi. Shangazi alikuwa anafuta machozi. Binti yangu alibaki chini. Bado mikono yake ilikuwa juu ya magoti ya baba yake, na alikuwa bado anamtazama, anangoja. Mume wangu naye alikuwa anangoja, apewe neno jingine. Hatimaye bwana harusi alimwinua binti, nikaona kwamba amegeuka kuwa mtu mzima pale chini, na kwamba sikuweza kumzuia.

Tulipokuwa tunaagana nje, gari limeshapambwa, alinikumbatia akaniuliza sikioni kama ile inahesabika. Nimekuwa mwalimu miaka mingi, nina majibu ya kila swali la mtoto. Nilimwambia aende, wasichelewe barabara ya msituni. Aliingia kwenye gari bila kuuliza tena.

Shemeji yangu hakurudi Bukavu siku ile. Alilala kwetu, na asubuhi, kabla hajaondoka, alinikuta naanika nguo akasimama pembeni yangu na suti yake mkononi. Alisema anajua. Alisema jana alijua kabla ya watu kumaliza kupiga makofi. Kisha akasema jambo ambalo alidhani litanifariji. "Siku Mungu atamuita mukubwa, mimi nitamubariki mutoto siku ileile, mbele ya bantu bote. Nakuahidi, shemeji." Nilimshukuru. Ni mtu mzuri, nimeshasema.

Tangu hapo sijamrushia mume wangu neno hata moja. Nalijua linalompa raha, na namnyima. Akinisikia nasema na mtu hufunga kila sentensi yangu kutoka kwenye kiti chake, na mimi nimejifunza kusema kidogo. Kwaya huja Jumapili baada ya ibada wakamchezesha. Nawaachia sebule nakwenda nyuma ya nyumba. Cherehani niliiuza kwa kijana wa Gashonga. Mwili wa mume wangu umepata nguvu. Anakula vizuri, analala vizuri, damu haipandi. Namwogesha, namnyoa, namkata kucha, dawa zake hazichelewi. Jirani, yuleyule aliyepiga magoti kwenye maharage, aliniambia juzi kwa moyo mweupe, "Maman, unamuchunga muzuri. Huyu atakula chumvi mingi."

Binti yetu sasa ana mimba. Ya kwanza ilitoka. Hakulia nami kwenye simu wala hakusema kwa nini anadhani ilitoka, na mimi sikuuliza, lakini tangu wakati huo ana namna yake ya kunipigia. Hanisalimii kwanza. Anauliza baba anaendeleaje. Zamani aliuliza ili asikie kama amesema neno.

Alinipigia tena jana mchana, nikiwa nampaka baba yake mafuta mgongoni. Akauliza lilelile. Nilitazama mgongo ule mpana, ngozi inang'aa, nikahesabu moyoni miezi iliyobaki kabla hajajifungua, nikajisikia nataka kitu ambacho mke hapaswi kukitaka.

"Ni muzima," nikamwambia. "Ana nguvu kabisa."

Nikasikia mwanangu anaanza kulia.